Peptidi niliyoagiza mtandaoni cheti kinasema 98% lakini matokeo yamehama, kosa langu au la muuzaji?

Tyubu_Tupu

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada kwa wale wanaoshika peptidi kila siku, maana hapa maabara nilipo nimebaki mwenyewe na hii kazi, aliyeianzisha kamaliza masomo kaondoka na supavaiza wangu ni mtu wa mimea, peptidi anazisikia tu.

Iko hivi. Tuna peptidi fupi, mnyororo wa asidi amino 11, inazuia enzaimu moja hivi. Aliyenitangulia aliipima akapata IC50 (kiasi kinachozuia nusu ya kazi ya enzaimu) ya mikromola 4 na alirudia mara nyingi tu, namba haichezi. Ile ya kwake ikaisha. Nikaingia mtandaoni nikatafuta nani anatengeneza, nikajaza mfuatano kwenye fomu yao, nikachagua usafi wa 98% kabisa nikasema bora nilipe zaidi nisije kujuta, baada ya wiki kama tatu kikaja kichupa cha miligramu 5 (na kingine kidogo cha kama 2 sijakifungua), unga mweupe umejishikiza pembeni kama pamba, na karatasi ya cheti inasema HPLC 98.2%, masi (uzito wa molekuli) 1342. Nikapiga hesabu, nikamwagia DMSO (kiyeyushi) mikrolita 373 ili nipate milimola 10, nikaanza kazi.

Sasa nimerudia mara 4. 5.6, 5.7, 5.5, 5.6. Haijawahi kurudi 4. Na grafu nzuri kabisa, mkunjo uleule, ila wote umesogea kulia. Enzaimu ileile, bafa ileile, mashine ileile, mikono yangu ndo mipya lakini nimeipima na kizuizi kingine cha zamani kikatoa namba yake ya siku zote, kwa hiyo sio mikono.

Kama inasaidia, ndani ina arjinini 2, laisini 1, methionini 1, triptofani 1, hizo zingine hazina makuu.

Je nimeuziwa feki? Na la pili, mtu ananunua wapi kwa uhakika, maana nikitafuta napata kampuni mia, bei zinapishana kama mbingu na ardhi, na wengine hawaulizi hata wewe nani, unalipa tu mzigo unakuja.

Kapu_la_Mawazo

Umepigwa mkuu. Hiyo 98% printa yoyote inaitoa.

Mama_Pipeti

Kapu usimtishe mtoto wa watu bure. Tyubu hujapigwa, au niseme bado hatuna ushahidi wa kupigwa. Umesoma namba moja ukadhani inajibu maswali mawili, na hili kosa tumelifanya wote, mi nilishawahi kulibeba mwaka mzima kabla sijajua.

Hiyo 98.2% imetoka kwenye HPLC, ile mashine inayotenganisha vitu kwa kuvipitisha kwenye kolamu, yaani mrija wa kuchuja. Mashine inamulika kwa nanomita 214 au 220, hapo ndo kifungo cha peptidi kinanyonya mwanga, halafu inapima eneo la piki, kile kilima kwenye grafu. Maana yake katika vitu vyote vilivyoonekana na ile taa, 98.2 kati ya 100 ni mnyororo wako. Visivyoonekana na taa havijahesabiwa. Maji hayaonekani, chumvi haionekani. Na hiyo pamba yako imejaa vyote viwili.

Chumvi inatoka wapi sasa. Peptidi inajengwa juu ya rezini, vile vipunje vya plastiki, mwisho inang'olewa kwa asidi ya trifluoroasetiki, wenyewe tunaiita TFA, halafu inasafishwa kwenye kolamu na mara nyingi maji ya kolamu nayo yana TFA humohumo. Ikishakaushwa, kila penye chaji chanya kwenye mnyororo wako pamekaa TFA moja imeng'ang'ania. Hebu tuhesabu yako: arjinini 2, laisini 1, na kile kichwa cha mnyororo chenye amini ya bure, jumla 4. TFA moja ina uzito wa 114. Mara 4 ni 456. Kwa hiyo kitu ulichoweka kwenye mizani sio 1342, ni 1342 jumlisha 456, 1798. Gawanya 1342 kwa 1798 unapata 74.6%. Hapo bado maji, na huu unga unavuta unyevu vibaya sana, tuseme maji ni kama 5 kwa mia, unabaki na 71 hivi.

Yani kwenye miligramu 5 zako peptidi yenyewe ni miligramu 3.5 na kidogo. Wewe umeandika milimola 10 kwenye tyubu, ndani iko 7.1.

Sasa chukua ile 4 ya zamani ugawe kwa 0.71 halafu uje hapa.

Tyubu_Tupu

5.63

Nimekaa chini kwanza.

Lakini Mama kuna kitu sijaelewa, ile ya zamani nayo si ilikuwa na TFA hivyohivyo? Mfuatano ni uleule. Kwa nini yeye alipata 4?

Mama_Pipeti

Swali zuri na jibu lake haliko kwangu, liko kwenye daftari lake. Kaangalie ukurasa aliotengenezea stoki, ule mmumunyo mzito wa kuanzia.

Mzee_wa_Kolamu

Mama kamaliza kwenye uzito, mi niongezee upande wa cheti na upande wa kununua maana swali la pili la kijana limeachwa.

Tyubu, kabla hujafanya chochote chukua kichupa mkononi na karatasi mkononi, soma namba ya loti (mkupuo wa utengenezaji) kwenye lebo na namba ya loti kwenye cheti. Zifanane herufi kwa herufi. Utashangaa watu wangapi wanakaa na cheti cha mzigo wa mtu mwingine. Kuna wauzaji wana cheti kimoja kizuri walichokipata siku moja wanakigawa kama kadi ya mwaliko. Peptidi ya kuagizwa kwa mfuatano wako inatengenezwa kwa ajili yako, sasa cheti kikiwa na tarehe ya kabla ya oda yako hapo uliza, labda walikuwa nayo stoo, labda sivyo.

Halafu cheti kiwe na picha, sio namba tupu. Nataka kuona grafu ya HPLC yenyewe, kolamu gani, wamepandishaje asetonitrili (kiyeyushi cha kolamu), wameangalia nanomita ngapi, na chini kuna jedwali la piki zote. Mtu anayenipa "usafi: >98%" bila grafu kaniambia tu anajisikiaje. Na spektra ya masi, grafu ya kipimo cha uzito wa molekuli, iwepo, sio neno "imethibitishwa".

Spektra yako utaisoma hivi. Masi 1342, kwa hiyo ikibeba protoni mbili utaona piki kwenye 672, ikibeba tatu utaona 448 na kidogo. Usitegemee kuona 1342 imeandikwa kwa kalamu. Sasa angalia pembeni ya 672 kama kuna kitu kwenye 680. Tofauti ni 8, lakini chaji ni mbili, kwa hiyo kiukweli ni 16, na 16 ni oksijeni moja imeingia, kwa peptidi yako ningeanza kuishuku hiyo methionini. Ukiona pungufu ya 57 ujue glaisini moja imerukwa. Ukiona ziada ya 56, kuna kinga ya butili ilibaki haijang'oka. Ziada ya 22 usihangaike, hiyo ni sodiamu tu imekaa mahali pa protoni.

Kwa nini nasisitiza masi wakati HPLC ipo? Kwa sababu mnyororo uliorukwa asidi amino moja unafanana sana na wa kwako, unaweza kutoka kwenye kolamu dakika ileile, umejificha chini ya piki nzuri kabisa ya 98%. HPLC haijui jina la mtu, inajua tu kapita saa ngapi.

Na hapo ndo bei inapotokea. Tangu Bruce Merrifield aonyeshe mwaka 1963 kwamba unaweza kujenga mnyororo juu ya rezini, asidi amino moja moja (kazi hiyo ilimpa Nobel ya kemia 1984), hesabu haijabadilika. Ukiunganisha kila hatua kwa 99%, mnyororo wa 11 una hatua 10, unabaki na kama 90 kwa mia iliyokamilika. Mnyororo wa 40 una hatua 39, unabaki na 68 kwa mia hivi, na hiyo 32 iliyobaki ni ndugu na binamu zake waliokosa kiungo kimoja au viwili, wote wamefanana sura. Kuwatenganisha ndo unalipia. Kwa hiyo mtu akikuuzia mnyororo wa 40 kwa 98% kwa bei ya wa 10, mimi siulizi kwa nini bei ni nzuri, nauliza kilichomo ndani ni nini.

Wapi pa kununua, majina sitaji hapa maana kila mtu atakuja na la shemeji yake. Nitakuambia ninavyowapima mimi. Nawaandikia barua pepe kabla ya oda, swali moja tu: "hizo miligramu 5 ni uzito wa unga wote au wa peptidi tupu?" Anayejibu siku hiyohiyo kwa sentensi inayoeleweka, na akaongeza kwamba kupima kiwango halisi kwa uchambuzi wa asidi amino ni malipo ya ziada, huyo anajua kazi. Anayejibu "peptidi yetu ni ya ubora wa juu sana mpendwa mteja", namshukuru naondoka. Pia napenda anayenirudishia mfuatano na malalamiko, mfano anasema hapa una asparajini imefuatana na glaisini hiyo itaharibika haraka, au mnyororo wako hautayeyuka vizuri, fikiria kuongeza laisini mbili mwishoni. Anayekubali kila kitu bila swali ananipa wasiwasi kuliko anayenisumbua.

Na anayetaka kujua wewe ni taasisi gani na mzigo unapelekwa maabara gani, usimwone msumbufu. Wale wasiouliza ndo wa kuogopa.

Mwisho DMSO. Nani alikuambia DMSO? Peptidi ina chaji chanya nne na urefu wa 11, hiyo inayeyuka kwenye maji bila ugomvi, ikisuasua kidogo unaweka asidi asetiki iliyopunguzwa. DMSO ni ya zile zinazochukia maji kabisa, na hata hapo ukiwa na methionini au sisteini uwe mwangalifu maana DMSO yenyewe inaoksidisha.

Tyubu_Tupu

Mzee shikamoo. DMSO niliambiwa na mwenzangu wa benchi la pili, alisema "weka DMSO kila kitu kinayeyuka". Na stoki iko kwenye friji ya kawaida, wiki ya sita sasa 😬

Mzee_wa_Kolamu

Marahaba. Hiyo stoki mwage, yani usiifikirie mara mbili. Unga uliobaki ndo mali. Uweke friza nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, kichupa kimefungwa vizuri na vidonge vya kukausha unyevu. Na siku ya kufungua usikifungue kikiwa baridi, kitoe kiache kizoee joto la chumba kwanza kikiwa bado kimefungwa, nusu saa, saa nzima, kanywe chai. Ukifungua cha baridi unyevu wote wa chumba unakimbilia kwenye unga wako, kesho ile 71 ya Mama inakuwa 65 na wewe hujui.

Na kabla ya kufungua kipige kwenye sentrifuji kidogo, huo unga una umeme wa kuparamia kifuniko.

Misuli_Kwanza

Samahani naingilia uzi. Mi sio mtu wa maabara ila naona mnazijua hizi vitu. Kuna peptidi zinauzwa mtandaoni za kuponya bega na kano, BPC-157, zimeandikwa "kwa utafiti tu" lakini watu wa gym wanachoma na cheti chake kinasema 99%. Je kwa hayo mliyosema nikiangalia loti na grafu vikiwa sawa naweza kutumia?

Mama_Pipeti

Hapana. Na nakujibu kwa heshima maana umeuliza kabla ya kuchoma, wengine wanauliza baada.

Kila tulichoandika hapo juu ni cha kuamua kama peptidi inafaa kuwekwa kwenye tyubu. Hakuna hata mstari mmoja hapo unaosema kitu ni salama kwenye mshipa au chini ya ngozi. Usafi wa HPLC hauoni bakteria. Hauoni endotoksini, yale mabaki ya kuta za bakteria ambayo hata kiasi kidogo sana yanaleta homa na zaidi ya homa. Hauoni metali. Unga wa maabara hautengenezwi kwenye chumba safi cha dawa, hauchujwi uwe tasa, mtu anaushika kwa glavu zilezile alizoshikia friji. Sisi hata kwenye seli za kwenye sahani tunaomba peptidi iliyopimwa endotoksini, kwa sababu seli za kinga zikikutana na hiyo takataka zinawaka zenyewe halafu unaandika ripoti kwamba peptidi yako inachochea kinga, kumbe uchafu. Sasa kama tunazihurumia seli za sahani wewe bega lako unaliweka wapi?

Na hiyo BPC-157 yenyewe ni mnyororo wa asidi amino 15, haijaidhinishwa kuwa dawa, majaribio mengi ni ya panya, na kama unashindana kwenye michezo basi WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, waliiweka kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 2022. Bega mpelekee daktari wa mifupa na mtu wa fiziotherapia.

Mzee_wa_Kolamu

Naongeza moja kwa wote. Ukiingia tovuti imeandika "kwa utafiti tu" halafu ukurasa uleule unauza maji ya kuchanganyia na sindano ndogo, na picha ya mtu ana kifua kipana, hapo sio duka la maabara. Wewe mtafiti pia usinunue hapo hata kama bei ni robo. Sio maadili tu, ni kwamba mteja wao mkubwa hana spektromita ya kuwakamata, kwa hiyo hawana sababu ya kujihangaisha.

Misuli_Kwanza

Nimeelewa wakuu, asanteni. Kifua kipana kipo kweli kwenye hiyo tovuti 😅

Binti_Bafa

Nimesoma uzi wote nimecheka na kuumia. Nami nitoe langu maana hakuna aliyegusa miisho ya mnyororo.

Mwaka wa kwanza nilitumwa niagize peptidi ya kufunga kwenye kipokezi fulani, nikaenda kwenye karatasi ya utafiti nikanakili herufi moja moja kwa uangalifu, nikahakiki mara tatu, nikatuma. Ikaja safi, 97%, nikaiweka, haifungi kitu. Nikaongeza dozi mara kumi, kidogo kabisa inajikokota. Nikamwandikia muuzaji barua ya hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Wakanijibu kwa upole wakaniambia dada tumetengeneza kilichoandikwa kwenye fomu, hebu angalia mwisho wa mfuatano kwenye ile karatasi. Kwenda kuangalia, mwishoni kuna kistari na NH2. Nilidhani ni pambo.

Sio pambo. Peptidi nyingi za mwilini mwisho wake umefungwa kwa amidi, oksitosini iko hivyo, vasopresini iko hivyo, na kipokezi kinakitambua hicho kimwisho. Ukiacha wazi inabaki asidi yenye chaji hasi pale ambapo hapatakiwi chaji. Na tofauti ya masi kati ya hizo mbili ni kama 1 tu! Cheti kilikuwa sahihi, masi sahihi, usafi sahihi, peptidi sio niliyoitaka. Fomu ilikuwa na kisanduku cha kuchagua mwisho wa mnyororo na mimi sikukigusa kikabaki kama kilivyo.

Kwa hiyo Tyubu kabla hujaagiza tena hakikisha ya zamani ilikuwa na miisho gani. Kama kipande umekikata katikati ya protini, mara nyingi watu wanafunga kichwa kwa asetili na mkia kwa amidi ili kifanane na kilivyokuwa ndani ya protini. Na ukifunga kichwa kwa asetili chaji moja imeondoka, hesabu ya Mama ya TFA inabaki 3 badala ya 4.

Kingine, usilipie 98% kama huihitaji. Kwa kuchanja wanyama upate kingamwili au kuchuja vipande mia uone kipi kinashika, 70% kwenda juu inatosha. Kazi yako ya kupima IC50 hapo kaa 95 kwenda juu. 98 waachie watu wanaosoma umbo la molekuli kwa NMR na fuwele. Hela iliyobaki nunua vitu viwili ambavyo watu hawanunui: uchambuzi wa asidi amino ili ujue kiwango halisi, na peptidi ya pili yenye asidi amino zilezile lakini umezichanganya mpangilio. Hiyo ya pili isipozuia enzaimu ndo utalala usingizi. Ikizuia na yenyewe... basi pole, ujue ni chaji tu zinafanya kazi.

Kapu_la_Mawazo

Nafuta kauli yangu ya kupigwa. Ila loti aangalie.

Tyubu_Tupu

Wakuu nimerudi, samahani nimechukua siku mbili.

Kwanza daftari. Ukurasa wa stoki upo, kaandika miligramu, kaandika ujazo, na pembeni kabisa kwenye ukingo kuna 0.71 imezungushiwa duara. Hakuna neno, hakuna kipimo, duara tu. Nilishaiona hiyo namba miezi minne iliyopita nikadhani ni namba ya simu imekatika au absobansi ya kitu kingine. Ndo ilikuwa kizidishio chake cha kurekebisha uzito muda wote. Nimemtumia ujumbe kanijibu "ah ndio, si niliandika?"

Pili, nimemwaga stoki ya DMSO kama Mzee alivyosema lakini kabla ya kuimwaga nikaikimbiza kwenye spektrofotomita, nilikumbuka kuna triptofani moja na tairosini hakuna. Triptofani nanomita 280 inanyonya 5500 kwa mola kwa sentimita, sivyo? Nikachukua stoki yangu "ya milimola 10", nikaipunguza mara 100, inatakiwa iwe mikromola 100, kwenye kyuveti ya sentimita 1 nilitegemea 0.55. Nimepata 0.39. Nikagawa, mikromola 71. Nilicheka peke yangu mpaka mtu wa benchi la pili (yule wa DMSO) akauliza kuna nini.

Tatu, loti. Hapa Kapu alikuwa na hoja, namba ya kwenye kichupa inaishia na herufi B na ya kwenye cheti inaishia na A. Nimewaandikia wakanijibu leo asubuhi, walitengeneza mara mbili, ya kwanza haikutosha wakatengeneza nyingine ikawa B, cheti kilichokuja kwenye boksi hakikupaswa kutoka. Wamenitumia cha B na grafu zake. Kwenye spektra 672 ipo, 680 ipo kidogo sana kama kijinywele. Kuhusu miligramu 5 wamesema ni uzito wa unga wote na iliandikwa kwenye masharti. Nimeenda kusoma masharti, kweli imeandikwa, maandishi madogo.

Sasa nimebaki na kama miligramu 2 za unga kichupa cha pili ambacho sijakifungua (walinigawia vichupa viwili). Niipime kwenye mizani au niyeyushe chote?

Mama_Pipeti

Yeyusha chote kwa maji, usijaribu kupima miligramu 2 za pamba kwenye mizani ya kawaida utapima pumzi yako. Halafu usiamini hiyo 2 ya lebo, soma 280 ndo uandike mkusanyiko kwenye tyubu. Una triptofani, hiyo ni bahati, wengine wanalia hawana cha kusoma. Gawa kwenye tyubu ndogo ndogo za matumizi ya mara moja, ugandishe, ukitoa moja haurudishi.

Na ile 0.39, blanki, yaani kile ulichosomea sifuri, ulitumia nini?

Tyubu_Tupu

Maji 🙈

Mama_Pipeti

DMSO ilikuwa asilimia 1 humo, haitakuumiza sana kwenye 280 lakini blanki iwe na kila kitu kilichomo isipokuwa peptidi. Rudia kama hujamwaga.

Tyubu_Tupu

Kulikuwa na mabaki kwenye kyuveti. Nimerudia na blanki ya DMSO. 0.38.

Mzee_wa_Kolamu

Hapo sawa. Andika na kipimo chake kwenye daftari, sio duara.